Jinsi ya kuupitia mwaka wako: malengo uliyoyaandika na mambo uliyoyapenda

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kaunta buku la malengo ya Januari ambalo halijafunguliwa tangu Machi. Ni wa yule pia ambaye hakuandika lengo lolote, ila anahisi mwaka haukupita hivihivi. Unahitaji jioni mbili zisizo na wageni, daftari, kalamu za rangi mbili, simu yenye chaji, na nusu saa ya mtu anayekufahamu vizuri.

Usiifanye kazi hii usiku wa 31 Desemba. Usiku ule kuna mkesha, kuna fataki, kuna pilau, na kila mtu ana matumaini mengi kuliko kumbukumbu. Wiki moja kabla au wiki moja baada ni sawa tu.

Kanuni yangu ni moja: orodha ya malengo hufunguliwa baadaye. Wengi huanza nayo. Wanaona mistari iliyokosa tiki, wanafadhaika, wanaandika orodha mpya ndefu zaidi, kisha wanalala. Hapo kilichopitiwa ni karatasi. Mwaka wenyewe uko kwenye picha, kwenye miamala ya simu, kwenye soli za raba zako, na huko ndiko tunakoanzia.

Hatua ya 1: Amua mwaka wako unaanzia wapi na unaishia wapi

Si lazima iwe Januari hadi Desemba. Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu husherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai. Serikali ya Tanzania hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Mkulima wa mahindi, mwaka wake huisha gunia la mwisho likishaingia ghalani, na wa mwalimu huisha shule zikifungwa. Kama ulijifungua Mei au ulianza kazi mpya Agosti, hesabu kuanzia hapo, hata kama miezi itapungua kumi na miwili. Mama mwenye kichanga hana sababu ya kupimwa kwa ratiba aliyojipangia alipokuwa na usiku wake wote.

Ukishachagua, andika tarehe mbili juu ya ukurasa wa kwanza. Bila mpaka utajikuta unajipa sifa za mambo ya mwaka juzi, au unajilaumu kwa deni la miaka mitatu nyuma.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi, bila kuhukumu

Toa ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Jioni ya kwanza yote ni ya kujaza kurasa hizi kwa kalamu ya rangi ya kwanza, maneno machache machache, bila "nilipaswa" wala "ningeweza".

Kichwa peke yake hakitoshi. Ukikaa kitini ukajiuliza "mwaka huu nimefanya nini?" kitakujibu kwa mambo ya Novemba na Desemba, msiba mmoja mkubwa na harusi moja. Februari nzima itakuwa imeyeyuka.

Anza na picha. Fungua zile ulizopiga kwa kamera yako mwenyewe, uziache zilizoingia kutoka WhatsApp, maana huko utakutana na kadi za michango na salamu za asubuhi zenye maua. Pitia mwezi kwa mwezi na uandike kinachojirudia: bustani, jiko, uwanja, kitabu mezani, watoto wakiogelea. Angalizo kwa waliobadilisha simu katikati ya mwaka: picha zilizohamishwa wakati mwingine huonyesha tarehe ya kuhamishwa badala ya ile ya kupigwa. Ukikuta mamia ya picha siku moja, ndiyo hiyo. Tumia matope, sare za shule au tumbo la dada yako mjamzito kukisia mwezi.

Kisha miamala, na hapa usikimbie, kwa sababu pesa haina aibu. Fungua ujumbe wa M-Pesa au wa mtandao wowote unaotumia na usome kuanzia mwezi wa kwanza kuja mbele. Kama ulifuta, kampuni za simu hutoa taarifa ya miamala. Angalia kwenye programu yao au uliza dukani kwao. Malipo makubwa kama kodi na ada unayajua tayari, yapite. Tafuta madogo yanayojirudia: elfu tatu za mbegu kwa mama wa sokoni, elfu mbili za bodaboda kila Jumamosi alfajiri, uzi wa kufumia, vocha ya intaneti siku zilezile ulizokuwa ukifuatilia somo fulani. Kinachojirudia ni tabia, iwe uliiandika au hukuiandika.

Kinachokatika nacho kina habari. Tuseme ulikuwa unajifunza gitaa, na kila Jumamosi unamtumia mwalimu shilingi 10,000 tangu Februari. Muamala wa mwisho kwake ni wa wiki ya pili ya Mei. Unashuka mistari miwili: malipo ya hospitali, makubwa, yakifuatiwa na mengine, kisha nauli ya basi ya kwenda kijijini, kisha mchango wa msiba. Juni inaanza na muamala mmoja tu wa umeme. Kwa hiyo gitaa halikuishia kabatini kwa uvivu. Ungejiuliza kwa kichwa tu, Desemba, ungejiandikia "mimi sina msimamo" na ukaubeba uongo huo kuuingiza mwaka mpya.

Wenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wana hazina nyingine. Daftari la hisa huonyesha wiki uliyonunua hisa tano, wiki uliyonunua moja, na wiki uliyotoa ya mfuko wa jamii tu ukarudi nyumbani. Likopi kabla kikoba hakijavunjwa, kwa sababu baada ya mgawo wa Desemba madaftari hayo hupotea kwa namna ambayo sijawahi kuielewa.

Mwisho zunguka nyumbani. Soli ya raba imelika upande gani, au bado ina kibandiko cha bei? Alama kwenye kitabu iko ukurasa wa 40 au wa 240? Cherehani imefunikwa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa kuna redio, na juu ya redio kuna chombo cha maua? Basi unajua. Ile sehemu ya muda wa skrini kwenye simu haitakufaa sana, kwani huonyesha siku na wiki za karibuni tu, lakini itazame hata hivyo. Inauma kidogo na inasaidia.

Ukimaliza, funga daftari, ulale. Jioni ya pili iwe siku nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Weka majira na mizigo juu ya kurasa

Chukua kalamu ya rangi ya pili. Kwenye kila mwezi andika mambo ambayo hukuyachagua: mvua, joto, mfungo, ada, safari za kazi, kuuguza, misiba.

Ukanda wetu una mpangilio wake. Masika huwa kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Desemba hadi Februari, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huwa na joto la kukausha hamu ya kukimbia ifikapo saa moja na nusu asubuhi. Januari ni ada na madaftari. Ramadhani huja mapema zaidi kwenye kalenda ya kawaida kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwezi uliokusumbua kwenye mazoezi miaka mitatu iliyopita siyo utakaokusumbua sasa. Kwaresima nayo ina ratiba zake, na wenye ndugu wengi wanaijua miezi ya kadi za harusi.

Sasa tazama rangi mbili zikiwa pamoja. Mara nyingi mapengo ya rangi ya kwanza hukaa palepale penye msongamano wa rangi ya pili, na hilo peke yake huondoa nusu ya lawama. Kazi iliyobaki ni kwenye miezi ile miwili au mitatu ambayo haikuwa na mvua, msiba wala ada, na bado hukufanya kitu. Hiyo izungushie duara. Usijitetee, usijishambulie, zungushia tu.

Hatua ya 4: Sasa fungua orodha ya malengo

Kila lengo lipe neno moja kati ya manne: limetimia, limesogea, limelala, au halikuwa langu. Hilo la nne wengi hawalitumii na ndilo linalosafisha daftari haraka. "Kufungua biashara ya mtandaoni" mara nyingi ni lengo la shemeji. "Kupunguza kilo kumi" huenda ni maneno ya mtu mmoja kwenye sherehe. Lengo ambalo hukulitolea hata shilingi wala asubuhi moja kwa miezi kumi na miwili, jiulize liliingiaje humo.

Kwa yale yaliyolala, kabla ya kutafuta udhaifu wa tabia, tafuta kosa la hesabu na kosa la kalenda. Nitatoa mfano wa kila moja, kwa sababu hapa ndipo watu hujilaumu bure.

Akiba. Uliandika "milioni moja mwaka huu" na njia yako ilikuwa kikoba. Vikundi vingi huweka ukomo wa hisa tano kwa mkutano. Kama hisa ni shilingi 2,000, juu kabisa unaweka 10,000 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52: ni 520,000. Hata kama hukukosa mkutano mmoja, hata mvua ya mawe ikinyesha, milioni isingefika. Mtu aliyeweka 430,000 kwa njia hiyo ametumia zaidi ya asilimia 80 ya nafasi aliyokuwa nayo, na bado mwezi Desemba anajiita mbadhirifu. Lengo lile andika "limesogea", kisha pembeni andika: hesabu.

Mbio. Uliandika "nusu marathoni ya Kilimanjaro". Mbio hizo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na nusu marathoni ni kilomita 21.1. Anayeanza anahitaji kama wiki 12 za maandalizi. Rudi nyuma wiki 12 na unaangukia mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba: vuli, kisha harusi, kisha Krismasi kijijini, kisha joto la Januari na ada juu yake. Aliyeandika lengo hilo tarehe 1 Januari alikuwa amechelewa mwezi mzima siku ileile aliyoliandika. Ni kosa la kalenda. Mbio za katikati au mwisho wa mwaka, zikitanguliwa na kipupwe cha Juni hadi Agosti, zingemfaa mtu wa Pwani kuliko hizo.

Angalia pia ulikuwa unatumia kipimo cha nani. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu wakimbiaji wa kumvutia kasi walikuwa wakipokezana na tukio lenyewe halikuwa shindano la wazi. Kwa kipimo cha rekodi rasmi za riadha hakuna kitu. Kwa kipimo alichojiwekea mwenyewe, yaani binadamu kushuka chini ya saa mbili, lengo lilikamilika. Uliandika "kusoma vitabu 12" ukasoma vinne, kimoja kikiwa cha kurasa 600 ulichokipigia mistari kila ukurasa? Unajua mwenyewe ulichokuwa unakitafuta, idadi au kingine.

Wanaojifunza lugha kwa programu za simu, tahadhari kidogo. Programu hizo hupenda kukusifu kwa siku mfululizo ulizoingia. Kuingia siyo kuongea. Mpigie simu mtu anayeijua lugha hiyo, ongea naye dakika tano bila kuchanganya Kiswahili, kisha ujaze daftari.

Hatua ya 5: Hobi zipitie kivyake

Lengo lina mwisho, hobi haina, na ndiyo maana kuzipima kwa tiki huziharibu. Kwenye ukurasa mpya andika mambo yote uliyoyafanya bila kulazimishwa wala kulipwa, hata yale unayoyaonea haya. Kufuma vitambaa. Kucheza bao. Kuokota redio mbovu na kuzifungua. Kupanda mchicha kwenye viroba. Kuimba kwaya. Kutazama ndege kwenye mwembe wa jirani.

Kwa kila moja andika mistari mitatu, si zaidi: mara ya mwisho ilikuwa lini, ulikuwa na nani, na ni nini ambacho hukuweza Januari ila sasa unaweza.

Huo mstari wa tatu unahitaji ujuzi wa ndani ya hobi yenyewe. Chukua bao la Kiswahili, mashimo 32, kete 64. Ukihesabu ushindi tu, mwanafunzi anayecheza na wazee wa kijiweni ataandika sifuri mwaka mzima. Lakini mchezo una sehemu mbili: namu, ambapo kila mchezaji ana kete 22 za kuingiza moja moja, na mtaji, zikishaisha mkononi. Anayeanza hufungwa namu ikiwa bado mbichi, kete zikiwa zimejaa kiganjani, wazee wakicheka. Ukiona siku hizi unafika mtaji, unafungwa huko mbele, na mzee anakaa kimya akifikiri kabla ya kucheza, umepiga hatua ambayo hakuna tiki inayoweza kuionyesha. Andika hivyohivyo: "Januari nilifia kwenye namu. Sasa nafika mtaji. Nyumba yangu, lile shimo la kuwekea kete nyingi, bado naivunja mapema."

Bustani ya viroba nayo ina saa yake. Mchicha hutoka mbegu hadi mboga kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo mwaka wa bustani una mizunguko mingi ndani yake. Badala ya kuandika "nililima" au "sikulima", tafuta mizunguko mingapi ulisia na ule uliokufa ulikufa kwa nini. Kuku wa jirani? Maji ya kisima yenye chumvi? Wiki ya safari? Sukuma wiki ingekuvumilia zaidi wiki hiyo, kwani huchumwa majani kwa miezi. Maelezo ya namna hii ndiyo yatakayokufaa Februari, na hayapatikani kwenye orodha yoyote ya malengo.

Halafu kuna suala la pesa, na hapa nina msimamo. Kwetu, mtu akionekana anajua kitu, swali la pili huwa "mbona huuzi?" Dada anaoka keki nzuri kwa ajili ya watoto, ndani ya mwezi ana oda za kipaimara na birthday, anakesha Ijumaa, anadai watu, na Jumapili hataki kuona unga. Hakuna ubaya kuuza. Ubaya ni kuiacha keki kwenye ukurasa wa hobi na kuendelea kujiambia unaburudika. Kama mwaka huu hobi yako moja ilianza kupokea oda, ihamishie ukurasa wa biashara na uipige hesabu kavu: mayai, siagi, gesi, maboksi, bodaboda, na usiku wako. Ikikulipa, sawa, ni biashara. Isipolipa na furaha imekwisha, una haki ya kuwaambia wateja kwamba umesimama. Vyovyote iwavyo, nafasi ya hobi sasa iko wazi, na inahitaji kitu kingine ambacho hakuna mtu atakayekuomba bei yake.

Hatua ya 6: Muulize aliyekuona

Fanya hivi jioni ya pili, baada ya chakula, televisheni ikiwa imezimwa. Chagua mtu mmoja unayeishi naye au unayefanya naye mazoezi. Mkubwa wako kiumri mpe shikamoo yake kwanza na umweleze unachofanya, asije akadhani una tatizo. Swali liwe dogo. Ukiuliza "unaonaje maendeleo yangu?" utapewa hotuba. Uliza unachoweza kujibiwa kwa tukio.

"Mama watoto, mwaka huu uliniona nimefurahi lini?"

"Ulipokuwa unajenga lile banda la kuku. Ulikuwa unapiga mluzi."

"Banda la kuku?"

"Ehe. Mpaka chai ikapoa. Nilikuita ukasema nakuja, hukuja."

Banda halikuwa kwenye malengo wala kwenye ukurasa wa hobi. Liongeze, na ujiulize kama ni kuku au ni mbao na misumari. Andika jibu kwa maneno ya aliyesema, kabla hujaanza kulitafsiri kwa namna inayokupendeza. Na usibishane naye, umeuliza, pokea.

Watoto wa kuanzia miaka sita hivi ni mashahidi wazuri sana, wakali kuliko mke au mume. Waulize tu ukiwa tayari.

Hatua ya 7: Amua hatima ya kila kitu

Rudi kwenye malengo na hobi, na kila kimoja kipe uamuzi: endelea, badili, pumzisha, zika.

"Endelea" hakuhitaji maelezo. "Badili" ni kwa yale ya kosa la hesabu au kalenda: milioni moja inakuwa laki tano, au kikoba kinaongezewa njia ya pili, mbio za Februari zinahamia mwezi mwingine. "Pumzisha" lazima iwe na tarehe ya kurudi kuliangalia, la sivyo ni "zika" iliyoona haya.

"Zika" ifanye kwa vitendo. Lengo la kushona lililolala miaka mitatu lina cherehani nyuma yake, na cherehani ile inakutazama kila ukipita sebuleni. Iuze, au mpe mpwa wako anayesoma ufundi. Toka kwenye lile kundi la WhatsApp la kozi ambayo hukuisoma. Rudisha kitabu cha watu. Kilichozikwa huku vifaa vyake bado vimejaa chumbani hufufuka Januari kwa jina lilelile.

Kwa mwaka ujao beba malengo matatu, yasizidi. Najua wapo wanaobeba kumi, na wengine huyamaliza. Hao hawahitaji mwongozo huu. Kila lengo liandikie siku na saa yake ya wiki, na chini yake mwezi ambao tayari unajua litakwama. "Mbio: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Litakwama mwezi wa mfungo. Hapo natembea tu baada ya futari." Ukilipanga pengo mapema, likija halikutishi, na unarudi kazini bila kuanza upya.

Hobi usiziandikie shabaha. Ziandikie nafasi: Jumapili mchana ni ya kijiwe cha bao, basi. Na bajeti ndogo, hata 5,000 kwa mwezi, ili usilazimike kuomba radhi kila ukinunua mbegu au uzi.

Hatua ya 8: Rahisisha kazi ya mwakani

Ugumu wa hatua ya 2 unatokana na kutoandika. Dawa yake ni mstari mmoja kila Jumapili jioni. Mmoja tu: ulichofanya kwa ajili ya lengo au hobi, na kilichozuia. Kipchoge huyohuyo, pamoja na makocha na vipimo vyote alivyonavyo, kwa miaka mingi amekuwa akiandika mazoezi yake kwa mkono kwenye daftari. Wewe na mimi hatuna udhuru.

Tumia kaunta buku la kurasa nyingi lenye jalada gumu. Daftari laini huishia kuandikiwa namba za mafundi na kuchanwa ukurasa wa kuwashia jiko. Asiyependa kalamu ajitumie ujumbe mwenyewe kwenye WhatsApp, lakini ahakikishe nakala zinahifadhiwa, kwani simu huibwa kwenye daladala na mwaka huondoka nayo. Wa daftari nao, kila mwisho wa mwezi piga picha ukurasa na uitume kwenye barua pepe yako. Ukikosa Jumapili mbili, usirudi nyuma kujaza kwa kubuni. Acha mistari wazi, nayo itasomeka.

Kurasa za mwaka huu zibane pamoja, uandike zile tarehe mbili kwenye jalada, na uziweke palipo na vyeti vya kuzaliwa, mahali ambapo watoto hawachori. Kisha weka kikumbusho kwenye simu cha nusu mwaka, siku ya mapumziko, saa unayojua huwa nyumbani: saa moja ya kusoma malengo matatu na kubadilisha neno la kila moja kama limebadilika. Kikilia ukiwa safarini, kisogeze hadi Jumamosi inayofuata, usikizime.